Omeprazoli au famotidini: kidonda kinasemaje kwenye kamera?
Kidonda kibichi cha tumbo, kikitazamwa kwa kamera inayopitishwa mdomoni, ni shimo lenye utando mweupe na kingo nyekundu zilizovimba. Kikianza kupona, uvimbe hushuka, mikunjo ya ukuta hujivuta kuelekea katikati, kisha hubaki kovu jekundu ambalo baadaye hupauka.

Kati ya dawa hizi mbili za kupunguza asidi ya tumbo, kwa kasi ya kufika kwenye kovu, omeprazoli inashinda: kidonda cha duodeni (mwanzo wa utumbo mwembamba) kwa kawaida hutibiwa nayo wiki 4, cha tumbo lenyewe 8. Famotidini hufika pia, ila polepole, na mwili huizoea. Unataka nafuu usiku huuhuu? Hapo famotidini ndiyo hutangulia. Omeprazoli huchukua siku kadhaa kufikia nguvu zake zote, na humezwa kama nusu saa kabla ya kula (wengi humeza wameshashiba, halafu wanailaumu dawa).

Aliyevuja damu, au anayelazimika kumeza diklofenaki (dawa ya maumivu) kila siku, omeprazoli inamfaa zaidi. Mwenye kiungulia cha mara mojamoja, famotidini yaweza kumtosha. Bakteria wa H. pylori, anayesababisha vidonda vingi, haondoki kwa yoyote kati ya dawa hizo bila antibiotiki. Na kidonda cha tumbo lenyewe mara nyingi hurudiwa kutazamwa hata maumivu yakiisha, maana saratani nayo huweza kujificha humo.