Shokapu Mpya za Himalayan kwa Barabara za Unguja na Pemba: Jua Uzito Wako Kwanza

Assalaam alaykum ndugu zangu, karibuni. Leo kazi yetu ni shokapu. Pikipiki mnayoiona mbele yenu ni Royal Enfield Himalayan yenye injini ya cc 411, ile iliyotoka mwaka 2016, siyo mpya ya 450. Nimeibadilishia springi za mbele, nikaitia emuleta ndani, yaani valvu ndogo ya kuongoza oili, na nyuma nimeweka shokapu nzima ya YSS kutoka Thailand. Nimeipanda mjini na shamba, nimeivusha kwa boti hadi Pemba, nimepanda peke yangu, na nimempakia mama watoto masanduku ya pembeni yakiwa yamejaa. Kwa hivyo ninachokwambieni hapa kimetoka barabarani.

Jambo langu kubwa nalisema mapema, ili hata mwenye haraka aondoke nalo. Kabla hujauliza bei, kabla hujauliza kampuni gani, jua uzito. Uzito wako ukiwa umevaa helmeti na buti, uzito wa abiria wako, uzito wa mzigo. Shokapu ya gharama kubwa yenye springi isiyokuwa ya uzito wako itakusumbua kuliko ile ya kiwandani.

Tuiangalie pikipiki yenyewe. Mbele ina gurudumu la inchi 21, nyuma 17. Shokapu za mbele zina bomba za milimita 41 na mwendo wa milimita 200, yaani kutoka imenyooka kabisa hadi imezama kabisa ni sentimita 20. Nyuma kuna shokapu moja inayofanya kazi kupitia linki, yaani vyuma vidogo vinavyoiunganisha na mkono wa gurudumu, na gurudumu linapata mwendo wa milimita 180. Kwa pikipiki ya bei hii, huo ni mwendo wa kutosha sana. Pikipiki ikiwa na mafuta inakaribia kilo 200. Sasa, ilivyotoka kiwandani mbele hakuna pa kurekebisha kitu, na nyuma unabadilisha mkazo wa springi tu. Mtu wa kilo 60 na mtu wa kilo 100 wote wanapewa springi ile ile. Kiwanda kinatengeneza pikipiki kwa maelfu ya watu, lazima kichague katikati. Wewe uliyenunua moja ndiye wa kuikata kwa kipimo chako.

Na yangu, kusema kweli, ilikuwa imeshachoka kwa kutumika. Dalili ni hii: ukipita tuta, mkia unapanda, unashuka, unapanda tena, unashuka tena. Shokapu nzima inarudi mara moja na kutulia. Simama nyuma ya pikipiki yako, bonyeza kiti kwa nguvu zote, achia ghafla, uangalie. Ikicheza, basi oili ya ndani imekwisha nguvu au sili zimeachia.

Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo pesa za watu zinapopotea. Springi ina kazi moja: kubeba. Oili ina kazi nyengine: kutuliza. Ukimpa fundi pesa akutilie oili nzito kwa sababu pikipiki inazama mno, umeitibu sehemu ambayo haiumwi. Inazama kwa sababu springi ni laini kwa uzito wako. Oili nzito itaichelewesha kuzama, lakini itazama tu, na ikishazama itachelewa na kurudi.

La pili, na hili nalisikia kila gereji ninayoingia: "Kaza nati ile inayobana springi, itakuwa ngumu." Haiwi. Springi inayotaka kilo 7 ili izame milimita moja itabaki kuwa ya kilo 7 hata ukiikaza mpaka nati ziishe uzi. Unachofanya ukikaza ni kuinua kimo cha pikipiki. Inasaidia ukipakia abiria, lakini haigeuzi springi laini kuwa ngumu.

Njia ya kujua ni kupima mzamo, yaani pikipiki inashuka kiasi gani kwa uzito. Himalayan ina stendi ya kati, kwa hivyo kazi ni nyepesi, unataka futi ya fundi seremala na watu wawili wa kukusaidia. Iweke kwenye stendi, gurudumu la nyuma lining'inie. Pima kutoka ekseli moja kwa moja juu hadi alama kwenye fremu. Hiyo namba ya kwanza. Ishushe chini, isimame kwa magurudumu bila mtu juu, upime pale pale. Namba ya pili. Halafu kaa juu na vifaa vyako vyote, miguu kwenye pedeli, mwenzako akushikilie, mwengine apime. Namba ya tatu. Toa ya tatu kutoka ya kwanza, huo ndio mzamo wako. Kwa mwendo wa milimita 180 unataka upate kati ya 50 na 60. Mbele, kwenye mwendo wa 200, lenga karibu na 60.

Sasa siri iko kwenye ile namba ya pili. Umekaza nati mpaka mzamo wako umefika 55, vizuri, lakini pikipiki ikiwa peke yake haizami hata kidogo, imesimama kileleni. Hapo springi ni laini, umeilazimisha kwa nati. Ikipita shimo gurudumu halina nafasi ya kushuka kulifuata shimo, na wewe unaanguka nalo kwa kishindo. Na ukiona kinyume chake, pikipiki tupu inazama sana yenyewe lakini ukikaa haiongezi kitu, springi ni ngumu kwako. Namba tatu hizi, hazina gharama yoyote, zinakwambia zaidi ya fundi anayebonyeza kiti na kutikisa kichwa.

Twende mbele. Ndani ya shokapu za mbele za pikipiki hii, oili inapita kwenye matundu yaliyotobolewa kwenye fimbo ya ndani, na matundu hayo hayabadiliki. Chukua sirinji ya maji: sukuma polepole, maji yanatoka bila shida; sukuma kwa nguvu, inakaza mkono. Ndivyo inavyokuwa barabarani. Ukishika breki kabla ya tuta, shokapu inazama taratibu, oili inapita tu, pua inakwenda chini. Lakini ukigonga ncha ya jiwe kwa kasi, oili haiwahi kupita, shokapu inagoma, na pigo lote linakuja mikononi. Yaani ni laini pale unapotaka ukinzani, na ngumu pale unapotaka ulaini.

Emuleta ni valvu ndogo inayokaa juu ya fimbo ile, ikikandamizwa na springi kubwa. Fundi anayapanua matundu ya chini ya fimbo ili oili ipite bila kuzuiwa, na kazi ya kuzuia anaichukua valvu. Mwendo wa taratibu, valvu imefunga na inakinza. Pigo la ghafla, inafunguka, oili inapita. Ni kitu kidogo mno, kinaenea kiganjani, na kwangu mimi hiki ndicho kilichobadilisha pikipiki kuliko vyote. Jueni tu kwamba emuleta inashughulikia kuzama. Kurudi juu bado kunategemea uzito wa oili, kwa hivyo chaguo lako la oili lina maana. Na kiwango cha oili hakikisiwi kwa chupa: kinapimwa kutoka mdomo wa juu, springi ikiwa nje na shokapu imezamishwa mpaka mwisho. Hewa inayobaki juu nayo inasukuma. Ukijaza oili kupita kiasi hewa inakuwa ndogo na shokapu inakuwa ngumu mwishoni mwa mwendo. Pande zote mbili ziwe sawasawa.

Barabarani sasa. Kutoka Kwerekwe kupita Tunguu hadi Jozani ni lami, huko tofauti utaiona kwenye matuta. Pale msituni kuna matuta yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju wanaovuka, na ni lazima upunguze mwendo. Zamani nikishika breki pua inazama, gurudumu linapanda tuta shokapu ikiwa haina nafasi iliyobaki. Sasa inashuka kidogo, inasimama, na tuta inalimeza. Kwenye rasta, yale matuta madogo yanayofuatana, napo nimeona jambo. Shokapu ya nyuma ikiwa inarudi polepole mno, inapigwa rasta ya kwanza, haijawahi kurudi inapigwa ya pili, ya tatu, inazidi kwenda chini mpaka inakuwa ngumu. Dawa yake ni kufungua kile kitufe cha chini cha shokapu, cha kasi ya kurudi, kidogo kidogo, upite tena pale pale. Ikirudi haraka mno nayo utaijua, kiti kinakurusha. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, ama sivyo hutajua kilichokusaidia.

Mtihani wenyewe kwa Unguja uko mashariki na kusini, kwenye zile njia za ndani za mawe ya matumbawe nyuma ya Paje, Jambiani mpaka Makunduchi. Mawe yale yana ncha, na yamejishika ardhini, hayasogei. Hapo emuleta inajilipa. Mikono haifi ganzi, na gurudumu la mbele linakwenda unakolielekeza. Mchangani nako kuna faida ambayo watu hawaitarajii: mkia ukiwa haukuzama, uzito unabaki mbele na usukani hauwi mwepesi. Mkia ukizama kwa mzigo, pua inapanda, pikipiki inaanza kutangatanga, na usiku taa inamulika minazi na macho ya mwenye gari anayekuja. Mama watoto tulipofika Jambiani aliniambia, "Leo baba umenichukua vizuri, mgongo wangu mzima." Ushahidi wa yule anayekaa juu ya gurudumu la nyuma nauheshimu kuliko wangu.

Pemba ni habari nyengine. Ukishuka Mkoani tu umeshaingia vilima, kona na miteremko. Msimu wa karafuu watu wameanika majamvi pembeni mwa barabara, na hapo unataka pikipiki inayoshika mstari wake kwenye kona bila kuyumba, maana ile ni jasho la watu. Njia ya kupita msitu wa Ngezi kwenda Vumawimbi, baada ya mvua, ni udongo unaoteleza na mizizi. Nilipunguza kidogo ukinzani wa kurudi wa shokapu ya nyuma, tairi likawa linafuata ardhi badala ya kuruka juu yake. Kwenye utelezi, tairi linaloruka halina breki wala mvuto.

Shokapu hii ya nyuma ina marekebisho mawili tu: mkazo wa springi na kasi ya kurudi. Ukinzani wa kuzama umewekwa tayari ndani. Kwa safari zetu inatosha, na sioni haja ya mtu kulipia vitufe ambavyo hatavigusa. Öhlins wa Uswidi wanatengeneza shokapu tangu 1976 na ubora wao unajulikana duniani. Mwenye uwezo na aende. Wapo Hagon wa Uingereza, wapo Hyperpro wa Uholanzi. Utakayemwandikia yeyote, mpe uzito wako na wa mzigo, umwambie na njia unazopita. Asipokuuliza uzito, muulize wewe springi ya namba gani anakupa, yaani ugumu wake. Usumbufu mmoja wa hii yangu: mkazo unabadilishwa kwa spana ya ndoano, na nafasi ya kuizungusha ni finyu. Anayepakia abiria leo na kesho yuko peke yake ataona kazi. Shokapu zenye kitufe cha mkono cha pembeni zinamfaa zaidi mtu huyo, ingawa bei inapanda.

Ukishafunga, kaza kila boliti kwa spana ya kipimo, halafu angalia cheni upya. Kimo cha nyuma kikibadilika, ulegevu wa cheni nao unabadilika. Stendi ya pembeni pia, pikipiki ikipanda itaegemea zaidi.

Na chumvi, ndugu zangu. Visiwani hapa chumvi ndiyo inayoua shokapu kabla ya mashimo. Ukitoka kwenye boti, osha kwa maji baridi siku ile ile. Himalayan ina soksi za mpira mbele zinazokinga bomba na mchanga, ni nzuri, lakini unyevu wa chumvi ukiingia ndani unakaa humo. Zilegeze, futa bomba, pangusa na oili kidogo. Doa dogo la kutu kwenye bomba linaikata sili, na sili ikivuja oili inashuka mpaka kwenye breki. Nyuma fungua linki, toa zile beringi za sindano, zioshe, zitie grisi mpya. Nimeona pikipiki zenye shokapu nzuri kabisa lakini linki imeganda kwa kutu, na mwenyewe analaumu springi. Fanya kila baada ya masika, ndio wakati mzuri.

Mwenye pesa ya kitu kimoja tu: ukipanda peke yako, anza mbele, springi za uzito wako na emuleta, ni nafuu kuliko shokapu ya nyuma. Ukibeba abiria kila siku, anza nyuma. Video ijayo tutaifungua linki hii mpaka beringi ya mwisho, inshallah, fundi amekubali tumrikodi. Wasalaam alaykum.