TAHADHARI: Oili "maalumu ya injini zilizochoka" isiyo na daraja kwenye kopo

Wenye magari ya zamani, hasa yaliyopita kilomita 200,000, jihadharini. Kuna wauzaji wanazungusha makopo yaliyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni oili maalumu ya injini zilizochoka: eti inazima moshi, inaziba uvujaji, inarudisha nguvu. Mwenye gari jipya hawamsogelei. Wanamvizia yule ambaye gari lake likiwashwa asubuhi linatoa moshi wa bluu, dalili kwamba injini inaunguza oili, maana wanajua anaogopa gharama ya kufungua injini na angependa kusikia kwamba ipo njia ya mkato.

Maneno yao yanafanana. "Bosi, hizi oili nyepesi za kisasa si za gari lako. Injini ikishachoka inataka nzito." Hapo anachovya kidole kwenye kopo, anaisugua oili kati ya kidole gumba na cha shahada ili uone inavyovutika. Wengi wanalipia kidole hicho. Lakini kidole hakipimi kitu. Injini haifanyi kazi kwenye joto la mkono. Uzito unaohesabiwa ni ule wa oili ikiwa na nyuzi 100 za Selsiasi, na huo umeandikwa kwenye kila kopo la halali. Ukiona 10W-40, namba ya mwisho ndiyo inayosema unene ikiwa moto, na ile yenye W inasema oili inavyopita injini ikiwa ya baridi. Kadiri namba ya mbele inavyokuwa ndogo, ndivyo oili inavyofika juu haraka unapowasha asubuhi. Injini nyingi huumia zaidi pale pale kwenye kuwasha, kabla oili haijapanda.

Kwenye kopo la hawa jamaa hutaikuta hiyo namba. Utakuta "Super", "Extra", "Gold", picha ya simba au ya gari la mashindano. Muulize daraja la SAE, yaani hiyo namba ya unene, ni lipi, atakwambia "ni ya magari yote". Oili ya magari yote haipo. Hapo hapo achana naye.

Mteja mmoja alituletea gereji makopo mawili ya oili hiyo, moja likiwa bado halijamiminwa. Pete ya plastiki chini ya kizibo, ile ambayo inatakiwa ikatike mara ya kwanza unapofungua, ilikuwa imeshakatika zamani na kurudishiwa kwa gundi. Ukipitisha ukucha unakwama kwenye tone lililokauka. Mabega ya kopo yalikuwa na mikwaruzo ya kopo lililozunguka sana, lakini lebo ilikuwa mpya inang'aa, na pembeni yake kulichungulia ukingo wa lebo nyingine iliyobanduliwa vibaya. Namba ya toleo hakuna, tarehe hakuna. Tulipolifungua, ubishi uliisha. Ilikuwa harufu ya oili iliyokwisha kuungua ndani ya injini, na juu yake harufu ya salfa, ile ya oili ya gia. Kila fundi anayemwaga oili kila siku anazijua harufu hizo mbili, na hazitakiwi kukutana kwenye kopo moja.

Uchakachuaji wenyewe si siri. Oili chafu inakusanywa, inaachwa itulie, inachujwa, inaondolewa weusi kwa asidi na udongo, kisha inatiwa rangi ya dhahabu. Wengine wanaongeza kitu kizito ili ivutike. Tuwe wa haki hapa: oili iliyotumika inaweza kurudi kuwa nzuri kabisa ikipita kwenye kiwanda chenye mitambo ya kuikeneka na kuisafisha, halafu ikawekewa viambato vipya. Biashara hiyo ni ya halali. Kinachofanyika kwenye mapipa uani ni kingine. Viambato vya kuzuia msuguano, kutu na masizi vimeshatumika vikaisha, na humo ndani huenda kuna maji, petroli na unga laini wa chuma kutoka injini ya mtu mwingine. Kisha wewe unaimwagia kwenye injini yenye kilomita 200,000, ambayo nafasi kati ya krenki na beringi zake imeshaongezeka.

Sasa, kwa nini watu wanaapa kwamba inafanya kazi? Kwa sababu mwanzoni kweli inaonekana inafanya. Oili nzito haipenyi kirahisi kwenye ringi za pistoni zilizolika wala kwenye sili za valvu zilizokakamaa, kwa hiyo moshi wa bluu unapungua na kelele zinatulia. Muuzaji anapata shahidi. Baada ya muda kile kilichoongezwa ili kuifanya nzito kinakatikakatika kwa joto na msuguano, oili inalegea kuliko ilivyokuwa, na taa nyekundu ya oili inaanza kupepesa ukisimama kwenye foleni. Ringi hazikupona siku hata moja. Na ujue pia kwamba hila hiyo hiyo hutumiwa na wanaouza magari yaliyochoka: wanamimina oili nzito usiku, mnunuzi anakuja asubuhi anakuta bomba la moshi safi. Ukienda kununua gari la zamani, omba uliwashe wewe likiwa la baridi kabisa. Ukikuta limeshapashwa moto kabla hujafika, uliza kwa nini.

Kuna sifa nyingine wanayoipigia debe, na hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote: "Oili yetu haiwi nyeusi." Watu wanaisikia kama sifa kumbe ni kasoro. Oili nzuri ina sabuni yake na ina viambato vinavyoyashika masizi na kuyafanya yaelee humo humo mpaka utakapomwaga. Inakuwa nyeusi kwa sababu inafanya kazi, na kwenye dizeli inaweza kubadilika rangi mapema sana. Oili inayobaki ya dhahabu kilomita elfu kadhaa kwenye injini ya dizeli yenye umri imeyaacha masizi yagande kwenye mifereji na kwenye chujio la pampu ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini.

Oili za kweli za magari yaliyotembea sana zipo, na sisemi mzikimbie. Kampuni kadhaa kubwa zinazitengeneza kwa magari yaliyopita takriban kilomita 120,000. Zina viambato vinavyolainisha sili za mpira zilizokauka na kuzifanya zivimbe kidogo, kwa hiyo uvujaji mdogo unaweza kupungua polepole, si siku ya kwanza. Hazikuzi ringi upya na hazizibi gasketi iliyochanika. Tofauti ni kwamba hizo zina daraja la SAE wazi, zina daraja la ubora la API (taasisi ya petroli ya Marekani), na mtengenezaji anajulikana.

API ndiyo kitu cha pili cha kusoma. Tafuta alama ya duara: juu imeandikwa daraja la huduma, yaani herufi kama SN au SP, katikati daraja la SAE. Herufi S ni ya petroli, C ni ya dizeli. SP, iliyoanza 2020, inaweza kuingia kwenye gari la petroli ambalo kitabu chake kinataka SJ, SL au SN. Kinyume chake hapana. Kuwa mkali sana ukiona SA au SB kwa maandishi madogo nyuma ya kopo: API yenyewe inasema SA haifai injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya 1930, na SB baada ya 1951. Gari lako ni la zamani, lakini si la zamani kiasi hicho. API ina orodha ya wazi mtandaoni ya oili zilizopewa leseni. Andika jina, kama halimo na kopo lina duara lao, duara ni la wizi.

Uzito gani basi? Fungua kitabu cha gari. Magari mengi ya miaka ya nyuma yana jedwali linaloonyesha madaraja kadhaa kulingana na joto la mahali. Kama umekuwa ukitumia 5W-30 na gari limeanza kula oili, na jedwali linaruhusu 5W-40 au 10W-40, panda hatua hiyo moja. Kurukia 20W-50 kwenye injini ambayo haikuandikiwa ni kuitafutia shida, hasa zile ambazo mpangilio wa valvu unaendeshwa kwa presha ya oili. Na kabla ya kulaumu oili, kagua valvu ya kupumulia injini. Ikiziba, gari linavuja na kula oili hata kama injini bado nzima, na ni kifaa cha bei ndogo.

Wajanja wengine hawahangaiki na majina ya kubuni, wanajaza tena makopo ya majina makubwa. Hao ni wagumu zaidi kuwakamata. Angalia pete ya kizibo, angalia namba ya toleo kama imechapwa kwenye kopo lenyewe au kwenye lebo tu, na kama kampuni hiyo huchapa namba kwenye kizibo pia, zilinganishe. Usinunue ya kupimiwa kutoka kwenye pipa. Ukipeleka gari gereji, simama pale fundi anapofungua kopo. Fundi mwaminifu hatachukia, na wa aina ile nyingine atakutuma ukanywe soda.

Kama umeshaimwaga kwenye injini na una shaka, usisubiri kilomita za kubadilisha zitimie. Mwaga ikiwa na vuguvugu, badilisha na filta, na utazame nati ya sampu: baadhi zina sumaku, na unga wa kijivu kidogo ni kawaida kwa gari la umri huo, lakini vipande vinavyomemeta ni vya kumwonyesha fundi kabla hujaliwasha tena. Usikubali kuuziwa dawa ya kusafisha injini ya haraka kwa wakati huo huo, maana kwenye injini yenye tope jingi inaweza kubandua mabonge yakaziba chujio la pampu. Hata uliyebaki na kopo, usilitupe. Lipige picha pande zote, hifadhi risiti kama ulipewa, na upeleke taarifa kwa mamlaka ya viwango na kwa kampuni ambayo jina lake limetumika.

Halafu makopo yenu matupu ya oili ya kweli msiyatupe yakiwa mazima, kwa sababu huko ndiko wanakoyapata. Toboeni chini, chaneni lebo, kizibo kitupeni kando.