Shahada ya kwanza kwa mtaalamu wa afya mwenye stashahada: mtandaoni au kurudi chuoni?

Kwa anayefanya kazi maabara au chumba cha eksirei, mwenye stashahada na leseni tayari, naona njia ya mtandaoni ndiyo inayomfaa zaidi. Ujuzi wa mikono anao. Kinachobaki mara nyingi ni takwimu, utafiti na uongozi, masomo yanayosomeka vizuri hata kwenye skrini. Akitoka zamu ya usiku analala kwanza, kisha anafungua mhadhara uliorekodiwa, na mshahara hausimami. Akisoma leo udhibiti wa ubora, kesho anauona kwenye chati ya mashine yake mwenyewe: nukta moja imevuka mstari wa mikengeuko sanifu miwili, yaani mpaka wa onyo kwamba kipimo kimeenda mbali mno na wastani, na sasa anajua kwa nini asipuuze.

Chuoni nako kuna nguvu yake. Mwalimu anakusahihisha papo hapo, wenzako wanakusukuma siku ukichoka. Na anayetaka kubadili fani, tuseme kutoka maabara kwenda fiziotherapia, hana budi kwenda huko, maana kumshika mgonjwa hakufundishwi kwa video. Shida ni kwamba ratiba ya darasa haijali zamu.

Vyovyote uchaguavyo, usilipe ada kabla ya kuuliza kama programu hiyo ina ithibati inayotambuliwa na baraza linalokupa leseni. Uliza pia ni masomo mangapi ya stashahada yatahesabiwa, na jibu ulipate kwa maandishi. Hilo peke yake linaweza kukupunguzia mwaka mzima wa masomo.