Chios: upande Anavatos au ushuke Mesta?

Mkifika kisiwa cha Chios, Ugiriki, na mna siku moja tu ya kuona vijiji vya enzi za kati, mi nasema bila kusita: Anavatos kwanza. Kiko juu ya mwamba mrefu, nyumba zimejengwa kwa mawe yaleyale ya mlima, ukiwa mbali huoni hata kama kuna kijiji. Mwaka 1822 askari wa Ottoman, dola ya Waturuki, waliua watu wengi sana kisiwani, na Anavatos hakikupona, halafu tetemeko la 1881 likaja kuongezea, ndo maana leo karibu kote ni magofu. Unapanda ngazi za mawe, huku madirisha hayana mbao, paa hakuna, na mbele bonde tupu. Inaumiza roho, lakini hapo ndo unaelewa historia. Maji mbebe na viatu viwe vya kushika chini visiteleze, usiende na kandambili jamani.

Mesta sasa ni tofauti kabisa, kiko chini, bado watu wanaishi, na nyumba za pembeni zimeshikana zikawa ndo ukuta wa ngome, enzi za Wagenoa (watu wa Genoa, Italia, waliotawala kisiwa), kwa sababu ya kulinda mastiki, ule utomvu unaotafunwa kama ubani. Vichochoro vimefunikwa na matao, unapotea kidogo unatokea uwanjani, kahawa ipo, vyumba vya kulala vipo. Kama mna wazee au watoto wadogo basi Mesta, hapo sibishani na mtu.