Pawa saplai ya Seasonic Focus GX-550: miezi minane chumbani kwangu Ngamiani

Nafanya kazi ya sauti. Watu wa hapa Tanga huniletea kanda zao za zamani, nyingi za taarabu, kutoka makabati ya familia ambazo bado zinazungumzia Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu vya hapa Tanga, kama watu wanaozungumzia ndugu zao. Nazihamishia kwenye kompyuta kabla fangasi hawajazimaliza. Siku nyingine narekodi kaswida za watoto wa madrasa, au tangazo la duka. Chumba changu kiko uani, Ngamiani: magodoro mawili ya sponji ukutani, zulia chini, dirisha moja ambalo nalifunga kila ninapobonyeza kitufe cha kurekodi kwa sababu ya bodaboda. Kompyuta iko hatua mbili tu kutoka kwenye maiki. Haina pengine pa kukaa.

Mwaka jana kabla ya Maulidi Ustadhi aliniletea watoto 11. Waliimba vizuri sana, na mmoja wao ana sauti ambayo sijaisikia tena tangu siku ile. Nikasafisha rekodi, nikamwita Ustadhi asikilize. Alivaa spika za masikioni, akafumba macho, akazivua.

"Binti yangu, mbona wanaimba kama wako chini ya bati mvua ikinyesha?"

Alikuwa sahihi. Chini ya sauti za watoto kulikuwa na uvumi, na mimi nilijaribu kuuondoa kwa programu. Anayefanya kazi hii anajua kinachofuata: programu haijui mpaka kati ya uvumi wa feni na "s" au "sh" ya mtoto wa miaka tisa. Inakata vyote viwili, na kinachobaki kina majimaji. Uvumi ukishaingia kwenye rekodi, umeingia. Dawa ni usiwepo chumbani tangu mwanzo.

Usiku ule nilizima kimoja kimoja. Friji ya upande wa pili wa ukuta, kisha feni ya mbele ya kesi, kisha nikashika kwa sekunde chache feni ya kipoza cha prosesa. Uvumi ulibaki palepale. Ulikuwa unatoka nyuma, kwenye pawa saplai, kile kiboksi kinachoigawia kompyuta umeme.

Ile pawa saplai niliuziwa shilingi 45,000 pamoja na maneno haya: "Dada, hii ni wati 500, inabeba hata kompyuta mbili." Nilipoitoa niliisoma lebo kwa mara ya kwanza, nikajilaumu kwa kutoisoma siku ya kununua. Kwenye mstari wa volti 12, ambao ndio unaolisha karibu kila kitu kwenye kompyuta ya leo, iliandikwa ampea 15. Zidisha 12 kwa 15: wati 180. Hizo 500 zilikuwa za kwenye kibandiko. Mkononi ilikuwa nyepesi kama boksi la maandazi, na feni yake ilikuwa ile ndogo ya milimita 80, ambayo lazima izunguke mbio ili isukume hewa ya kutosha.

Nilitumia wiki tatu kusoma na kuuliza, na jambo lililonifungua macho ni hili: kelele inaanzia kwenye joto, na joto linaanzia kwenye umeme unaopotea. Pawa saplai inachukua volti 230 za ukutani na kuzigeuza kuwa volti 12, 5 na 3.3. Kila geuzo lina hasara, na hasara yote inakuwa joto ndani ya kiboksi kisichozidi ukubwa wa tofali. Feni ipo kwa ajili ya kulitoa hilo joto. Kwa hiyo ukitaka kimya, usianze kutafuta feni ya kimya. Tafuta mashine isiyopoteza umeme, na feni itakosa sababu ya kupiga kelele.

Ndiyo maana ya alama ya 80 PLUS. Ni mpango wa kupima ufanisi, yaani ni asilimia ngapi ya umeme wa ukutani inayofika kwenye vifaa, ulioanza mwaka 2004, na Seasonic, kampuni ya Taiwan iliyoanzishwa mwaka 1975, ndiyo iliyotoa pawa saplai ya kwanza kupata cheti hicho, mwaka 2005. Kuna madaraja: la kawaida, kisha Bronze, Silver, Gold, Platinum, Titanium. Gold kwa kipimo cha umeme wa Marekani wa volti 115 inatakiwa ifikishe asilimia 87 kwenye mzigo wa asilimia 20, 90 kwenye nusu ya mzigo, na 87 ikibeba mzigo wote. Kwa volti 230 kama zetu mashine ileile huwa inafanya vizuri zaidi kidogo. Mimi ningesimama kwenye Gold. Platinum na Titanium ni nzuri, lakini fedha unayoongeza ni kubwa kuliko umeme utakaookoa kwa kompyuta moja ya nyumbani.

Nikaagiza GX-550, ambayo ni ya Gold, kupitia muuzaji wa Kariakoo, ikaja na basi, shilingi 310,000 pamoja na nauli. Najua hiyo ni fedha nyingi. Kwa kazi zangu ilikuwa malipo ya kanda za familia tatu, na nililala nikiiwaza kabla ya kutuma pesa.

Nianze na uzito. Ukiibeba tu unajua kuna vitu ndani. Lebo ya mstari wa volti 12 inasema ampea 45, yaani wati 540, kwa hiyo hapa namba ya mbele inalingana na ya ndani. Nyaya zote zinachomoka, unaweka unazohitaji tu. Feni ni ya milimita 120. Nyuma kuna kitufe: ukikibonyeza, feni haizunguki kabisa mpaka mzigo na joto viongezeke, ukikiachia, inazunguka polepole muda wote.

Nina kile kipima umeme kidogo kinachochomekwa ukutani. Nikihariri sauti, kompyuta ileile, programu ileile, pawa saplai ya zamani ilikuwa inavuta wati 118. Hii inavuta 91. Hesabu yangu ni kwamba vifaa vyenyewe vinahitaji kama 80, kwa hiyo ile ya zamani ilikuwa inachoma wati 38 bure, karibu sawa na globu ya zamani ya wati 40 iliyofungiwa kwenye boksi la bati. Hii inachoma 11. Kwa saa nane kwa siku, siku 26 za kazi, ninaokoa uniti tano na nusu kwa mwezi. Hazitarudisha 310,000 kwa haraka, na mtu asinunue kwa sababu hiyo. Ila kwa nyumba kama yetu, inayojitahidi isivuke uniti 75 kwa mwezi ibaki kwenye bei ya matumizi madogo, uniti tano si kitu cha kupuuza.

Hapa nijibu swali ambalo nimeulizwa na watu wengi wa hapa mtaani: wati 550 si itakula umeme zaidi? Hapana. Namba hiyo ni uwezo, kama gunia. Gunia la kilo 100 ukilitia mchele kilo 20, umebeba kilo 20. Kompyuta inavuta inachohitaji. Kusema kweli ningechukua ya 400 kama ningeipata yenye ubora huu, kwa sababu kwenye mzigo mdogo sana ufanisi wa pawa saplai yoyote unashuka. Anayekwambia ununue ya 850 kwa kompyuta isiyo na kadi kubwa ya picha anakuuzia chuma.

Sasa kimya chenyewe. Nilirekodi chumba kitupu kwa dakika mbili, kabla na baada, maiki mahali palepale. Kwenye mita ya programu, uvumi wa chumba ulikuwa unakaa kwenye desibeli hasi 46. Sasa unakaa hasi 58. Kwa asiyefanya kazi hii: hasi ikiwa kubwa zaidi, kimya ni zaidi, na hiyo ndiyo tofauti ya kulazimika kusafisha na kutosafisha. Watoto walirudi mwezi uliofuata na sikugusa kitu isipokuwa kuongeza sauti kidogo. Herufi zao zote zipo.

Kuhusu kile kitufe nina maoni yangu. Wakati wa kusi, Juni mpaka Agosti, nakibonyeza na feni inalala siku nzima. Ila kaskazi ikikaza, Januari na Februari, chumba changu kikiwa kimefungwa kinafika nyuzi 33, na hapo nakiachia. Ndani ya pawa saplai kuna kapasita, vile vipande vinavyotunza umeme, na joto ndilo linalozizeesha. Mafundi wana kanuni kwamba kila nyuzi 10 unazopunguza zinakaribia kuzidisha umri wake mara mbili. Feni ikizunguka polepole maiki yangu haiisikii. Sioni sababu ya kuitesa mashine kwa ajili ya kimya ambacho tayari ninacho. Na hewa yetu ya pwani ina chumvi, skrubu za kesi yangu zimeshaanza kutu, kwa hiyo kila mwezi napiga brashi chujio la chini. Usiiweke kesi juu ya zulia lenye manyoya.

Haikumaliza kila kitu. Baada ya kuifunga, kulibaki mngurumo mzito wa chini kwenye kanda ninazohamisha, na nilitaka kulia. Kumbe haukuwa wa pawa saplai. Soketi ya chumba haikuwa na waya wa ethi, ule unaoenda ardhini. Fundi umeme aliivuta kwa nusu siku na mngurumo ukaondoka. Mngurumo wa aina hiyo usio na upepo ndani yake, anza na ethi kabla hujanunua kitu.

Jambo moja kabla hujaagiza. Wengi wetu tunatumia kompyuta za mtumba za ofisi, Dell na HP zilizotoka Ulaya. Nyingi kati ya hizo zina pawa saplai ya umbo lake na plagi zake, tofauti na plagi ndefu ya pini 24 ya pawa saplai kama hii. Fungua kesi, piga picha plagi iliyochomekwa kwenye mazabodi (ile bodi kuu ya ndani), pima urefu na upana wa kiboksi, umtumie muuzaji. Shemeji yangu alinunua kwanza akafungua baadaye, na ile pawa saplai iko kabatini mpaka leo. Ya zamani ikifa pia usiifungue kwa bisibisi, hata ukishachomoa waya. Zile kapasita zinatunza umeme wa kutosha kukuumiza vibaya.

Dhamana iliyoandikwa kwenye boksi ni miaka 10. Mwombe muuzaji akuandikie kwenye risiti ni nani atakayeipokea ikiharibika, yeye au wewe uitafutie njia. Wangu aliandika, na risiti nimeibandika ndani ya mlango wa kabati.

Wiki iliyopita nilirekodi tena chumba kitupu, usiku baada ya Isha, mtaa umetulia. Niliposikiliza nikakuta kitu kinagonga mbali sana, taratibu, ambacho sijawahi kukisikia kwenye rekodi zangu zote. Ilikuwa saa ya ukutani. Nimeihamishia jikoni.