TAHADHARI: Misumeno ya meza ya 120V inauzwa Dar kama ya 230V

Wakuu, hasa mnaofanya useremala nyumbani, someni hii kabla hamjatuma hela. Yupo muuzaji hapa Dar anayetangaza mitandaoni misumeno ya meza ya kubebeka, ile ya inchi 10 yenye miguu ya kukunja. Anasema ni mtumba wa Ulaya, safi, haujafanya kazi. Mashine zenyewe ni za umeme wa 120V, wakati wetu ni 230V. Juu ya kibati cha kiwandani kabandika stika ya "220-240V", na plagi ya asili kaikata akafunga ya kwetu ya miguu mitatu. Mtu hafanyi mambo hayo mawili kwa bahati mbaya. Mdogo wangu, anayetengeneza vitanda na makabati nyumbani Kimara, kauziwa mmoja kwa laki tisa na nusu na haukumaliza hata mbao ya pili.

Kinachoniuma zaidi ni jinsi anavyojaribisha. Anachomeka mbele yako, anawasha kwa sekunde chache, mashine inanguruma mpaka meza inatetemeka. Anakwambia, "Sikia nguvu hiyo, kaka!" Unaridhika, unalipa. Ngurumo ile ndiyo ugonjwa wenyewe. Misumeno ya aina hii hutumia mota ya kaboni (yenye vipande vya kaboni vinavyosugua ndani kupitisha umeme), na mota ya kaboni ya 120V ukiipa 230V bila mzigo inakimbia kupita kiasi kabisa. Sekunde chache inavumilia. Ukianza kuchana mbao ngumu, inavuta umeme ambao koili zake hazikusukwa kuubeba, na zinaungua.

Kuungua kwa mota ni hasara ya pesa tu. Tazama diski yenyewe: kila diski nzuri imeandikwa usoni kikomo cha mizunguko kwa dakika, nyingi za inchi 10 ni 6,000 au 7,000. Msumeno wa kubebeka ukiwa kwenye umeme wake sahihi huzunguka karibu 5,000. Sasa uzidishe kwa volti zilizokaribia kuwa maradufu. Yale meno magumu yamechomelewa kwenye diski, hayakuzaliwa nayo, na jino likichomoka kwa kasi hiyo linaelekea popote, pamoja na usoni kwako. Kwa hiyo msichukulie hili kama habari ya kupigwa bei tu.

Dogo alikuwa anachana mninga wa inchi mbili. Kwanza ilikuja harufu, halafu moshi chini ya meza, akawahi kuchomoa. Alipompigia muuzaji akajibiwa kwamba umeme wa kwake ndio mbovu, anunue stabilaiza. Kesho yake dogo akipiga, muuzaji hapatikani tena. Nilipofungua mashine, kaboni zilikuwa zimelika na pale zinaposugua kwenye mota pamekuwa peusi tii. Nikakwangua ile stika kwa ukucha. Chini yake, kwenye kibati, imegongwa wazi: 120V, 60Hz, 15A. Nikafungua na plagi. Ndani waya nyeusi, nyeupe na kijani.

Shikeni hizo rangi. Waya wa Marekani ni nyeusi, nyeupe na kijani. Wa Ulaya na Uingereza ni kahawia, bluu, na kijani chenye mstari wa njano. Plagi inafunguliwa kwa bisibisi moja, na muuzaji akikukatalia kuifungua, umeshapata jibu. Angalia na ampea. Msumeno wa wati 1,800 kwenye umeme wetu unavuta kama ampea 8. Ukiona 15 imeandikwa kwenye kibati, jiulize inatoka wapi, maana plagi yetu ya miguu mitatu mwisho wake ni fyuzi ya ampea 13. Msidanganywe na jina wala rangi ya mashine. DeWalt, Makita na Bosch wote hutengeneza kwa ajili ya masoko ya volti zote mbili, na kwa mbali huwezi kuzitofautisha.

Halafu "mtumba wa Uingereza" nao si kinga. Kule kwenye maeneo ya ujenzi vifaa vingi hutumia 110V kwa usalama, na huja na plagi ya njano ya mviringo. Hizo rangi za waya ni kama zetu, kwa hiyo hapo kibati pekee ndicho kitakachokuambia ukweli. Kibati kikiwa kimefunikwa, kimekwanguliwa au hakipo, achana nayo.

Sisemi mashine ya 110V haifai. Ukiuziwa kwa uwazi, kwa bei yake, na ukaiwekea transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo wa kutosha (kwa msumeno wa ampea 15 nisingeshuka chini ya VA 3,000, yaani volti mara ampea), itafanya kazi. Ila transfoma hiyo ni nzito na ina gharama, ijumlishe kabla ya kusema umepata bei nafuu.

Jambo lingine kwenye mashine zake: kifuniko cha diski hakipo, na lile bapa la chuma linalosimama nyuma ya diski halipo. Anasema mafundi hawavitumii. Bapa lile linazuia mbao isijifunge na kubana diski ikakurudia kifuani. Bila hilo, mimi sinunui kwa bei yoyote.

Malipo anataka kwa namba ya simu yenye jina tofauti na la duka, risiti hatoi. Mwambie ulipe baada ya kuchana mbao yako mwenyewe, ngumu, kwa dakika kadhaa, ukiwa umeshasoma kibati. Uone kama atakubali.

Aliyeuziwa na hajaichomeka, asiichomeke. Piga picha stika ikiwa bado imebandikwa, kisha kibati baada ya kuitoa, na waya ndani ya plagi. Hifadhi meseji na ujumbe wa muamala. Fungua jalada polisi, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, na namba ya muuzaji iripoti kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu.