Goti la bandia: kwa roboti au kwa njia ya kawaida?

Shangazi yangu wa Ngamiani, Tanga, magoti yamesagika. Gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, limelika, mfupa unasuguana na mfupa. Wanawe wanabishana: roboti au upasuaji wa kawaida?

Kwanza, roboti haipasui peke yake. Kwa Mako, roboti ya upasuaji iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015 kwa kubadilisha goti zima, mgonjwa hupigwa picha ya siti skani (CT scan), ramani ya mifupa hutengenezwa, kisha mkono wa mashine humzuia daktari asikate nje ya mpaka. Msumeno bado anaushika yeye. Njia ya kawaida hutegemea vipimo vya chuma na jicho lililozoea.

Roboti hukata kwa usahihi zaidi, hilo sina ubishi nalo. Ila ukija kwenye maumivu na mwendo miaka ya mbele, tofauti ni ndogo mno, na bei iko juu. Magoti yaliyowekwa kwa njia ya kawaida, takriban 8 kati ya 10 hudumu miaka 25!

Mimi ningemtafuta daktari mzoefu, roboti iwepo isiwepo. Mazoezi ya kukunja goti ni yale yale. Na kusujudu huwa kugumu kwa njia zote mbili; shangazi ameshaagiza kiti cha kuswalia.